Pumzi Isiingie

Mchana kazi yangu ni kupeleka pumzi.
Nasukuma mitungi kwenye korido ya wodi,
gurudumu moja linalia kama kifaranga,
nafungua koki, nasikiliza ssss,
Sista Tumsifu anauliza, "Imefika?"
Nami namjibu imefika.

Usiku, Tabata Kisiwani, nyuma ya jiko,
kazi yangu ni kuizuia hiyohiyo.

Mara ya kwanza sikujua.
Nilichuja bia kama bibi alivyochuja mbege kule Kilema:
kitambaa safi, ndoo chini, mikono juu,
nikaimimina kwa maringo toka usawa wa kifua
ikafura povu, tukalishangilia lile povu.
Apaikunda akasema hii ni ya kipaimara, usiiguse.
Wiki tatu baadaye tukafungua mbele ya wakwe.
Rangi ya asali imekuwa ya chai iliyolala.
Shemeji Nchimbi akanusa, akanusa tena,
mtu wa Songea, kinywaji hakimwonei haya:
"Hii imenyeshewa ndani ya boksi."
Kweli. Boksi la viatu, masika, uvunguni.
Wakwe wakaomba soda.

Mbege hainywi hewa ikadhurika,
inakwisha kabla haijajifunza kuzeeka.
Hii ya shayiri huwekwa.
Maji yakimwagika hayazoleki,
na bia ikishavuta pumzi haiitemi.

Kitanda cha sita alilazwa Lukindo,
miaka kumi na tisa kwenye chujio la kiwanda,
mapafu yamebaki kama mifuko ya sukari iliyokung'utwa.
Akasogeza barakoa kidogo. "Kijana, unanuka kimea."
Nikamweleza aibu yangu.
Akacheka, kikohozi kikamkatisha, mashine ikapiga kelele.
Kesho yake akanipa neno moja,
keshokutwa la pili; alikuwa na bajeti.
"Usimwage."
"Jaza toka chini."
"Hewa itoke kwanza, bia iingie baadaye."

Basi nikanunua Gerezani mpira wa mafundi,
ule mwangavu wa kupimia usawa wa msingi,
na chujio la maji lenye utambi mweupe,
na mtungi mdogo wa gesi ya soda, kwa mkopo.
Maji nikayachemsha, nikayapoza yamefunikwa,
nikayajaza mpaka shingoni: chujio, mpira, pipa,
kisha gesi ikayasukuma nje taratibu
mpaka pipa likabaki tupu bila kuwa na hewa.
(Mwambie hivyo mtu wa Tabata, atakupima homa.)

Bia imelala siku mbili kwenye friji la mtumba,
baridi, masimbi yametulia chini.
Naomba umeme usikatike.
Apaikunda ameshika tochi ya simu, hatusemi.
Inapanda ndani ya mpira bila sauti,
inaingia pipani kwa miguu, si kwa kichwa.
Hapo, kwenye kiungo, tone la hewa,
dogo kama jicho la dagaa.
Nakaza klipu. Linasita. Linaondoka.
Mbu ananimaliza kisigino, simpigi.

Wiki sita.
Chupa ndogo mfukoni mwa koti la kazi, najua ni kosa.
Lukindo hawezi kunywa, na hakuomba kunywa.
Nikafungua: ssss.
Sista Tumsifu akageukia dirishani,
akawa anahesabu bajaji barabarani, kwa sauti.
Nikamwinulia barakoa,
mimi, mleta pumzi, nikaiondoa pumzi,
kwa mnuso mmoja tu.

Akafumba macho.
Mashine ikaanza kulalamika.
"Haina boksi," akasema.
Nikamrudishia barakoa.
Kisha, ndani ya ukungu wake, nikasikia:
"Ila umezidisha hopsi."