Kidato cha Pili

Shokapu za zamani zilikuwa zimekwisha kulia.
Oili yote ilishukia kwenye rimu, ikakutana na vumbi la Mnyambe,
ikawa uji mweusi.
Nikiingia shimoni pikipiki inachuchumaa,
haiinuki,
kama mtu aliyesahau alichoinamia.

Mnada wa tatu ulipolipa
sikununua bati, sikununua simu.
Nilimpelekea Fundi Mchopa laki na themanini
ndani ya bahasha ya vidonge,
nikamwambia: nitie ngumu,
zile za kubebea magunia mawili na mwenye magunia.

Hakuuliza kitu. Aliiegemeza pikipiki juu ya kreti la soda,
akazimwagia mafuta ya taa bolti zilizoshika kutu,
akangoja, akavuta sigara nusu,
akaigonga spana kwa jiwe.
Ya kushoto ilitoka ikilalamika.
Ya kulia ilikatika kichwa;
mchana wetu wote uliishia kwenye tindo.

Mpya zilikuwa nyekundu,
springi nene kama kidole gumba cha mpasua kuni.
Nililikandamiza tandiko kwa uzito wangu wote,
likanirudisha nilikotoka.
Nikacheka. Mchopa hakucheka.

Jioni ile nilipeleka korosho ghalani
na njia ikanyamaza.
Mashimo niliyoyajua kwa matusi
yalipita chini yangu kama watu wa msibani,
taratibu, wameinamisha vichwa.
Nilijiona bwana harusi.

Alhamisi ni kliniki ya Somoe.
Ana miaka tisa, chembe za damu yake zimejikunja mundu,
na mifupa yake inaisoma barabara
hata pale ambapo macho hayaoni kitu.
Mashimo yote kayapa majina:
Mwalimu wa Zamu. Jino la Bibi.
Kwa Chitanda Palipomwagika Maziwa.
Asiyeaga.
Hukaa nyuma, mikono kiunoni mwangu,
akataja jina kabla hatujafika,
ili maumivu yasimkute amelala.

Siku hiyo alitaja mawili tu.
Kisha nikasikia paji lake la uso mgongoni,
na meno.
Shokapu iliyonyenyekea magunia
yeye haikumwona.
Kilo ishirini na moja! Kwayo ni upepo.
Ilimrusha, ikampokea kwa ngumi,
ikamrusha.

Nilisimama penye mikorosho ya watu,
mabibo yakichacha chini, nyuki wamelewa.
Nikamshusha. Hakulia.
Aliniuliza:
"Baba, hii umemnunulia nani?"

Tuliingia Newala mimi nikisukuma,
yeye amekaa juu kama mzigo wa mtu mkubwa.

Mchopa alichutama, akanionyesha pete chini ya springi,
vidato vitano, kama ngazi ya panya.
"Nilikuwekea cha tano.
Ulisema ngumu. Hukusema unambeba nani."
Akanipa spana ya ndoano, kuukuu,
mpini wake umeviringishwa mpira wa tairi.
"Usinirudishie."

Inakaa chini ya tandiko, pamoja na daftari la kliniki.
Magunia, cha tano.
Mke wa Likapa na ndoo zake za samaki, cha nne,
na haambiwi.
Cha kwanza tulikijaribu, mimi na Somoe:
kwenye Asiyeaga tukagonga chini, chuma kwa chuma.
Akasema, panda kimoja.

Mimi shule niliachia kidato cha pili,
ada ilikatika na mvua mwaka uleule.
Sasa ndicho ninachorudia kila Alhamisi, alfajiri,
kwa tochi ya simu mdomoni,
nazungusha kushoto, nazungusha kulia,
nahesabu mibofyo, nahesabu tena,
maana zikitofautiana mtoto atakaa upande.

Wiki hii tulipita Jino la Bibi.
Alilitaja. Tukangoja.
"Limeng'oka?"
Halijang'oka.
Nilimwambia ashike vizuri,
bado kwa Chitanda.