Safu ya Nne

Sanduku letu lina kufuli tatu, wenye funguo ni watatu,
lakini kalamu nyekundu ni moja
nami ndiye niliyeishika: Jenerosa Kyarikunda,
mhakiki wa akiba ya afya,
Chama cha Machela, Hamurwa.

Jumanne. Ukungu umeganda bondeni kama uji uliosahauliwa chunguni.
Nimetandaza risiti kwenye dawati la shule
na kila moja nimeibana kwa kiazi,
upepo usije ukatuletea hasara isiyo na saini.

Zamani (sisemi enzi za babu, nasema Mei)
kuhakiki kulikuwa kuuliza tu:
Uliumwa? Nani alikuona? Umepona?
Jirani akijibu, "Nilimsikia akikohoa usiku kucha,"
hiyo ilikuwa risiti, tena yenye muhuri.

Kisha ukaja waraka wa muungano wa vyama,
kurasa kumi na moja, pini imepinda.
Kuanzia tarehe mosi Julai
risiti iwe ya mashine.
Nauli si matibabu.
Miwani si matibabu.
Agosti waraka ukarekebishwa:
nauli ni matibabu, ikiwa mgonjwa amelazwa.
Septemba rekebisho likarekebishwa:
kulazwa ni usiku mmoja, mzima.
Sikuuliza usiku wa huku kwetu huanzia wapi.

Namba thelathini na saba si risiti.
Ni karatasi ya daftari la hesabu, ya miraba:
"Mimi Turyasingura wa pikipiki nimepokea elfu arobaini na tano
kumpeleka mke wa Bamwine kituo cha afya.
Mvua. Njia mbaya. Tulisukuma mara mbili."
Ametia dole gumba, tope likamsaidia wino.
Tarehe thelathini Juni, saa tano na nusu usiku.
Walifika saa saba. Julai.
Mtoto akatoka kabla ya jogoo,
na saa nne asubuhi mama akaambiwa nenda nyumbani,
kitanda kina mwingine.

Basi niambieni:
waliondoka kwa kanuni ipi, wakafika kwa ipi?
Pale mlimani Kacerere, gurudumu lilipozama,
ndipo mwaka wa fedha ulipogeuka,
na yule mwanamke, kashika kiuno, kashika mti,
hakujua kwamba kuanzia hatua ile
anajilipia.

Machela yenyewe imetundikwa ukutani nyuma yangu,
engozi, fito zimeng'aa kwa jasho la mabega.
Ilimteremsha baba yangu hadi barabarani,
wanaume wanane wakipokezana.
Hakuna aliyemwandikia mwenzake ankara ya bega.

Lakini niseme na hili:
mwaka juzi katibu wetu alijilipa malaria mara kumi na nne,
na mara zote kumi na nne tulimpa pole.
Ndipo kalamu nyekundu iliponunuliwa.

Navua miwani niifute.
Elfu themanini, Kabale, mwezi Machi,
kutoka sanduku hilihili. Namba kumi na mbili.
Risiti ya mkono, jina langu limekosewa.
Na waraka, ukurasa wa tisa, unasema
yaliyolipwa kabla yahakikiwe upya.
Bila miwani tarakimu ni siafu, zinatembea.
Nikiivaa naona vizuri kabisa
kwamba haikupaswa kununuliwa.

Namba kumi na mbili naipiga mstari.
Nitalipa kwa viazi, magunia mawili,
bei ikishikilia.

Safu ya kwanza jina, ya pili kiasi,
ya tatu halali au batili.
Ya nne ni maoni, nyembamba,
aliyeichora hakutegemea mtu awe na mengi.
Mbele ya thelathini na saba, safu ya tatu naiacha wazi.
Katika ya nne naandika, herufi zikibanana:
Ni msichana. Nimemwona.

Kisha nakirudisha kiazi juu yake.
Wakaguzi wanakuja Ijumaa.