Nilikata Nini

Jeli baridi. Daktari Raya ananipaka tumboni
kama anayepaka samli chapati.
Chumba hiki cha Wete kina feni moja, inalia kwa zamu.
Ananionyesha uti wa mgongo: shanga zilizotungwa.
Ananionyesha moyo: unakonyeza, unakonyeza.
Anapima shingo. "Shingo salama," anasema,
"haina uvimbe, haina maji."
Halafu ananyamaza.

Kimya hicho nakijua.
Ni kimya cha mnunuzi aliyeupindua mkeka
akatazama upande wa chini.

"Lala ubavu wa kushoto, mama."
Nikalala. Nawe ukageuka, mwanangu, ukaileta sura yako,
imechorwa kwa jivu juu ya kaniki,
na chini ya pua
mstari mweusi, mwembamba,
mlango ambao mtu kasahau kuurudisha.

Kiuyu habari hufika kabla ya mwenyewe.
Navua viatu, Bi Mgeni yuko barazani
anachagua mchele, hanitazami.
"Usiku ule mwezi ulipopatwa, weye ulikata nini?"

Nilikata nini?
Siku tatu nahesabu.
Nilikata muhogo, maana Shaame hajala tangu adhuhuri.
Nilikata kucha za Riziki, alikuwa akimkwaruza mwenziwe.
Nilikata uzi kwa meno.
Nilikata shauri: akiwa msichana, ataitwa Time.
Nilimkata jicho Bi Mgeni mwenyewe,
naye anajua, ndiyo maana anauliza.
Tamaa sikukata. Hiyo nimeikata juzi,
juu ya kitanda cha Raya, kwa dakika kumi,
kisha nikaiunga.

Raya alinichorea nyuma ya boksi la dawa.
Uso, alisema, hauji mzima.
Huja vipande, kutoka pande mbili,
vikatembea mpaka vikakutana chini ya pua.
Wiki ya saba vimeshashikana,
au havikushikana.

Nikamwambia, hayo mimi nayajua.
Mkeka nao hausukwi mzima.
Husukwa ukili, mrefu kama njia ya kwenda Micheweni,
kisha mtu akaketi akaushona ubavu kwa ubavu,
na pengine mkono huruka.
Mkeka ulioruka mshono hatuulaani.
Huutafutia sindano.

Wiki yako ya saba, mwanangu, ilikuwa Mfunguo Mosi.
Mwezi ulipatwa Mfunguo Tatu.
Nimehesabu kwa vidole, nikahesabu kwa kokoto,
nikaenda barazani nikamhesabia Bi Mgeni:
mlango ulikuwa wazi kabla mwezi haujazibwa.
Muhogo wangu hauna kesi.

Hakujibu. Ungo ukatulia mapajani.
Kuku akaja akadonoa mchele, hakumfukuza.
"Mie nilisema pweza," akasema.

Pweza gani, mama?

"Waliniuliza. Kabla ya Shaame nilizaa Kombo,
mdomo wake hivi," akaugusa wake kwa ukucha.
"Kila akinyonya, maziwa yanatokea puani.
Siku thelathini na nane. Aliondoka mwepesi kama pumba.
Mama mkwe akaniuliza: ulikata nini?
Nikatafuta, nikatafuta, nikasema pweza.
Tangu hapo sijamla."

Mimi nimeolewa nyumba hii mwaka wa kumi na moja.
Nilidhani pweza humdhuru tumbo.

Wahenga wanasema mzazi haachi ujusi.
Hawakusema ujusi nao hukaa na mzazi,
miaka arobaini, ndani ya nguo safi.

Nikamwambia ya kijiko: Raya kasema
mtoto wa namna hii hukamuliwa maziwa,
akanyweshwa taratibu, kichwa juu,
mpaka apate uzito wa kushonwa.
"Kijiko," akasema. "Kijiko tu?"
Mara mbili. Kisha akainuka
akaingia jikoni, nikasikia bati linapinduliwa,
sufuria, vifuniko, vikombe,
anatafuta kilicho kidogo kuliko vyote.

Akatoka mikono mitupu.
"Kesho twende sote Wete," akasema,
"nna swali kwa huyo Raya wenu.
Ile mashine yake,
humwona na aliyekwisha kwenda?"