Mtu Asiyekula Supu

Ijumaa, theluji imefika kwenye vitasa vya milango,
nilikwenda mjini Cēsis, kwa mthibitishaji wa hati,
nikazaa mtu.
Hakulia. Hakuwa na kitovu cha kuzika.
Alikuwa na namba yenye tarakimu kumi na moja,
anwani yangu mwenyewe,
na jina la tatu kati ya niliyoyapeleka:
la kwanza lina mwenyewe, muuza matairi Riga;
la pili, karani alisema bila kuinua macho,
limekaa kibenki mno.

Naunda viti vya kubembea. Mwaloni,
ulimi ndani ya tundu, bila msumari hata mmoja.
Miaka tisa jina langu lilitosha.
Mteja alipodai risiti nilimpa mkono.

Kisha kiti kimoja kikamtupa mzee Egils wa Valmiera,
kifundo cha mkono kikavunjika.
Tulipatana kwa mtungi wa asali. Yeye ndiye aliyeleta asali;
mimi ndiye niliyelia.

"Huyo alikuwa muungwana," alisema Dzintra, mhasibu,
akifuta miwani kwa ncha ya skafu.
"Anayefuata atakuja na wakili,
na wakili hahesabu viti, Vizma. Anahesabu paa,
anahesabu ng'ombe wawili, anahesabu kitanda unacholalia."
Akachora mstari juu ya karatasi ya maandazi:
huku kampuni, huku wewe.
Dhima yenye kikomo.
"Na ole wako uufute mstari huu
kwa kununua viazi na kadi isiyo yako."

Fomu ikataka mtaji. Nikaorodhesha:
randa mbili, msumeno wa umeme,
mbao zilizokaushwa misimu mitatu,
kisu cha mishikio miwili cha babu yangu Arvīds.
Thamani?
Alirudi nacho kutoka Tomsk, hana meno ya mbele,
bapa tupu kalificha ndani ya buti;
mishikio aliichonga hapa,
kabla hajajichongea hata kijiko cha kulia.
Dzintra alisema: andika yuro kumi na mbili.
Nikaandika. Nikafuta. Nikaandika.
Karatasi ikatoboka papo hapo penye babu.

Basi kisu kimebaki changu, kampuni inaazima.
Kuna mkataba. Nimetia saini kushoto kama mimi,
nimetia saini kulia kama yeye,
nikajishukuru kwa maandishi.

Mwanangu Oto aliuliza mezani:
"Sasa huyo mtu wako anakula supu?"
Hali. Halali. Kodi analipa.
Ana mhuri, ana kadi, msumeno ni wake,
maranda yaliyo sakafuni ni yake,
hata baridi ya karakana, nadhani, imo katika vitabu vyake.
Kuna asubuhi nilijikuta
nabisha hodi mlangoni mwangu mwenyewe.

Februari ikaja barua kutoka Kuldīga,
jina lake juu ya bahasha, si langu.
Nikaiweka juu ya benchi. Ikakaa siku tatu
ikimngoja mwenyewe aifungue.
Mwenyewe hana mikono.
Nikaichana kwa kisu nilichomwazima.

Mguu wa nyuma, wa kushoto, unalia usiku,
ameandika mama mmoja kwa kalamu ya risasi.
Mume wake ndiye aliyekuwa akikikalia kiti hicho.
Sasa hakikaliwi, na bado kinalia.
Je, ni kawaida?

Nikapekua katiba ya kampuni, ukurasa kwa ukurasa,
mpaka kwenye mhuri.
Nikamwacha yeye na mstari wake,
nikafungasha gundi, kabari mbili, soksi nzito.
Nauli nimelipa kwa kadi ipi,
Dzintra asiniulize.