Sekunde Hamsini na Nane

Saa tatu usiku nafunga grili, Kondele.
Mteja wa mwisho ameondoka na tangazo la tanzia,
nakala hamsini, uso wa marehemu umetoka kijani kidogo
kwa sababu wino mwekundu unaniishia,
na mimi, mwongo, nilimwambia ni kivuli cha majani.

Hapo ndipo naizamisha nyambizi.

Kompyuta namba nne, feni yake inakoroma.
Odiaga, mtoto wa dada yangu, ndiye saa yangu:
ameshika simu, kidole tayari,
maana ndani ya mchezo nimeizima mashine ya hesabu.
Nataka kukosea kwa akili yangu mwenyewe.

Darubini juu, sekunde sita.
Ya saba ni ubwege: bahari imetulia kama chai iliyopoa
na manowari ya ulinzi ina macho.
Meli ya mizigo, milingoti miwili, yatoka kushoto
kwa mwendo wa mafundo saba,
imenipa ubavu mzima
kama mtu asiyejua anatazamwa.
Darubini chini.

"Si upige basi," asema Odiaga.
Wapi? Pale ilipo?
Pale ilipo, topido itakuta maji.

Mama aliuza njugu kwenye kona ya Mamboleo.
Malori ya miwa hayakusimama, yalipunguza mwendo tu,
utingo ananing'inia mlangoni, kiganja wazi,
na mama hakuulenga mkono.
Aliirushia hewa,
hatua nne mbele, mahali patupu kabisa,
na mkono ukaja wenyewe ukaikuta karatasi.
Sarafu ndiyo iliyorushwa ovyo.
Mimi ndiye niliyeitafuta mtaroni.

Nageuza pua ya nyambizi, polepole,
ili topido itoke bila kupinda shingo.
Mita mia tisa.
Karibu mno, itagonga kabla haijaamka;
mbali mno, nacheza kamari.
Kina: mita moja chini ya tumbo la meli, ivunjike mgongo.
Na ziwe tatu. Moja mbele kidogo,
moja pale ninapoamini,
moja nyuma, kwa kuwa najijua.

Achilia.
Achilia.
Achilia.

Nageuka, nashuka, nanyamazisha injini;
aliyerusha jiwe kwenye mpera wa watu
hasimami chini yake kungoja.
Odiaga anahesabu kwa sauti ya kanisani.
Thelathini. Thelathini na tano.
Sasa meli imeshasogea mita mia na ishirini na ushee,
inalifuata lile patupu langu,
haijui kama ina miadi.
Arobaini. Arobaini na moja —

stima ikapotea.

Kondele nzima. Kinu cha unga kimya,
rege ya baa imekatwa katikati ya neno,
feni ikazunguka kwa mazoea, ikachoka.
Odiaga hakuacha.
Uso wake umewashwa na simu kutoka chini, kama mzee wa miaka kumi na miwili:
arobaini na mbili, arobaini na tatu.
Sikumzuia.
Tukakaa kama watu walio mita themanini chini,
jasho likitutembea mgongoni,
tukisikiliza mbwa,
na mbali, jenereta ya hospitali ikikohoa ipate kuwaka.

Hamsini na saba.
Hamsini na nane.

Nyumba ya pili mtu akabamiza kitu,
mlango, au sufuria, sijui.
"Hiyo!" akasema Odiaga.
Nikasema, labda.

Sikuwa nimehifadhi chochote.
Stima ikirudi tutaanzia tena bandarini,
topido zote zimejaa, hakuna aliyetuona.
Lakini nikipapasa ukuta kutafuta kufuli
nilijua meli ile bado inakwenda,
mafundo saba, gizani,
na mbele yake, patupu, vitu vyangu vitatu.