Thelathini na Saba

Kwanza kilikuwa kijikadi kitupu,
kigumu, cheupe, hakina neno,
kimetiwa pakitini ili sigara zisipondeke njiani.
Kazi yake kushika mgongo, basi.
Mtu fulani, ng'ambo huko, akakitia picha.

Hivyo ndivyo zilivyofika Wete:
ndege hamsini, kila mmoja na namba yake,
dukani kwa Gulamali, baina ya mafuta ya taa na sukari guru.
Tukizibadilisha nyuma ya ghala la karafuu,
bundi kwa mnandi, korongo mmoja kwa chozi wawili.
Mize binti Shaame hakuachia chake
mpaka ashike chako.

Iliyopungua ni thelathini na saba.
Hatukujua hata ni ndege gani.

Ami Khatoro ndiye aliyekuwa akivuta.
Tukimkalia mlangoni kama kuku walioona mtama:
"Ami, pakiti hiyo bado haijesha?"
Akicheka, akiwasha nyingine kwa kishungi cha ile.
Akikohoa, tukimpa maji.
Akimaliza, tukinyakua.

Msimu ule hakwenda kuchuma.
Siku ya tatu ya matanga Mize akaniita uani,
pakiti mkononi, haijafunguliwa.
Tukaifungua.
Kumi na mbili. Tulikuwa nazo tatu.

Leo mjukuu wangu ana wachezaji wa mpira,
hutoka kwenye bablishi, wanang'aa.
"Bibi, wewe ulikuwa na nani?"
Namtolea bati la halua.
Anahesabu kwa vidole vya sukari:
thelathini na sita,
thelathini na nane...
Ananitazama.

Namwambia, hebu anza upya.