Michoro ya Katikati

Studio ilikuwa ghorofa ya tatu, mjini Kecskemét, Hungaria,
juu ya duka la viatu ambalo sasa ni kliniki ya meno.
Bwana Dezső alichora pozi mbili:
ajuza chini ya ngazi,
ajuza juu ya ngazi.
Kisha akatoka kuvuta sigara.
Kilichobaki kati ya hizo mbili
kilikuwa changu.

Picha kumi na mbili kwa sekunde.
Nililipwa kwa karatasi, si kwa saa,
na karatasi iliyokunjamana hailipwi.
Miaka thelathini na moja nimekula mkate wa katikati.
Jina langu mwishoni mwa filamu
linapita mbio, maandishi madogo,
watu wamekwisha kuvaa makoti.

Lakini yule ajuza nilijua namna ya kumpandisha.
Mama yangu alipooza mguu wa kushoto akiwa mtoto,
na kila ngazi aliiendea kwa hila:
anasita,
anashika sketi pajani kana kwamba ni mkono wa mtu,
anauinua mguu kwa kuivuta sketi,
halafu anatazama pembeni, kama hakuna lililotokea.
Kule kutazama pembeni ni picha ya saba.
Bwana Dezső hakuiomba. Hakuifuta pia.

Juzi Boglárka, mwanafunzi wangu wa zamani,
mbunifu wa michezo ya kompyuta huko Budapest,
alikuja na mfuko wa aprikoti na kompyuta yake.
"Mwalimu, tazama." Akaandika sentensi moja:
bibi mzee anapanda ngazi.
Akili mnemba haikutoka hata kuvuta sigara.
Sekunde tisa, bibi huyo,
uso si wa mtu yeyote,
vidole sita mkono wa kulia,
akaifikia ngazi.

Akasita.
Akashika sketi pajani.
Akauinua mguu.
Nikahesabu kwa kidole gumba, mazoea ya zamani,
nne, tano, sita,
akatazama pembeni.

Nilikwenda kufunga dirisha ambalo halikuwa wazi.

Nani aliwauzia mama yangu?
Nani alitia sahihi?
Studio ilifilisika, benki ikauza masanduku,
na ndani ya masanduku mwanamke mmoja alikuwa anapanda ngazi
bila kujua kwamba anafundisha.

Boglárka alikuwa na swali lake, ndilo lililomleta.
Kwao walikuwa wachoraji arobaini, wamebaki tisa.
Yeye wamempa cheo kipya, mrekebishaji:
kutwa anakata vidole vya sita,
anavirudisha vivuli miguuni pa wenyewe.
"Niendelee? Huko mbele kuna kazi?"
Ana mkopo wa nyumba. Ana miaka ishirini na sita.
Baba yake anamwambia ageukie mabomba,
fundi wa gesi hakosi mlo.

Ningependa kumwambia msanii hafi njaa.
Nimewazika wawili.

Nikasema: mashine inayo picha ya saba,
sababu yake haina.
Akajibu: wachezaji hawaulizi sababu, Mwalimu.
Kweli. Tukala aprikoti.

Usiku, akasema baadaye, wakiwa watatu,
ndani ya chumba cha kufulia cha dada yake,
wanatengeneza mchezo wao wenyewe:
unabeba ndoo ya maji, ghorofa nne, lifti imekufa,
usimwage. Hakuna adui. Hakuna pointi.
Nani atanunua? Hajui.
Watu mia tatu, labda, na mmoja atalia.

"Nahitaji mwendo," akasema, "na huu nataka kuulipia."
Akanihesabia forinti elfu kumi mezani,
noti zimekunjamana, nami nikazipokea.
Nikajaza ndoo.
Nina miaka sitini na nane; goti langu bovu ni la kulia,
silo la mama.
Ngazi kumi na nane mpaka mlangoni kwa Bi Etelka.
Boglárka akasimama chini, simu mkononi.
Kwenye ya tano maji yakanimwagikia kiatuni.
"Nirudie?"
"Hapana," akasema. "Wewe panda tu."